Arudi au abaki: kisa cha binti wa Uyole aliyefungiwa Wuhan

Kisa hiki ni cha mdogo wangu, na kinaanza na swali lililoingia nyumbani kwetu Uyole, Mbeya, Januari 2020, mji wa Wuhan ulipofungwa kwa sababu ya korona, na kukaa miezi: arudi au abaki? Nakiandika kwa sababu tangu wakati ule wazazi kadhaa wenye watoto nje ya nchi wamenifuata kuomba ushauri, na kila mara najikuta nawasimulia yaleyale. Tuliamua sawa, lakini sababu tulizokuwa nazo siku ile hazikuwa zile zilizotuokoa. Na tukiwa tunabishana, tulimwacha mtoto mpweke kuliko ilivyolazimu.

Mdogo wangu aliondoka Septemba 2018 kwenda Wuhan, China, kusomea shahada ya uzamili ya jiolojia kwa ufadhili wa Serikali ya China. Mtoto aliyekua anautazama mlima Rungwe na kuoga maji ya moto ya Songwe, kwake mawe yalikuwa jambo la nyumbani. Posho yake ilikuwa yuan 3,000 kwa mwezi, karibu shilingi milioni moja kwa wakati ule, na humo alikuwa anabana kidogo anamtumia mama. Mama ni mjane, anauza vitenge soko la Mwanjelwa. Mimi ni mtoto wa kwanza, mwalimu wa sekondari.

Likizo ya Januari ile wengi waliondoka bwenini. Yeye alibaki kumalizia kazi ya maabara. Mwenzake mmoja, kijana wa Mafinga aliyekuwa anasomea udaktari kwa ada ya wazazi, alikuja nyumbani Januari 10 na begi moja, vitu vingine vyote akaviacha chumbani kule. Nitamrudia, maana bila yeye kisa cha mdogo wangu hakieleweki vizuri.

Tangazo la kuufunga mji lilitoka saa nane usiku wa kuamkia Januari 23, kwa saa za Wuhan. Huku ilikuwa saa tatu usiku ya Januari 22, tumemaliza kula, mvua inapiga bati. Wao walikuwa wamelala, sisi macho, na hatukujua lolote. Ilipofika saa nne asubuhi yao, treni, ndege, mabasi na vivuko vikasimama. Hapa Uyole ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Mama alipoamka kusali, mji wenye watu milioni 11 ulikuwa umeshafungwa, na binti yake yumo.

Siku mbili baadaye ilikuwa Mwaka Mpya wa Kichina. Hata mwaka wa kawaida maduka hufungwa siku hizo na wapishi wa kantini huenda makwao. Kwa hiyo njaa ndogondogo ilianza mapema, kabla hata hofu ya ugonjwa haijakomaa. Chuo kilipopanga utaratibu, chakula kikawa kinaletwa, na wanafunzi wakagawiwa barakoa na vipimajoto. Lakini wiki ile ya kwanza aliishi kwa tambi za kuloweka na maji ya moto, na hakutuambia.

Jumapili ya Februari 2, baada ya ibada, kikao cha familia kilikaa sebuleni kwa mama. Baba mdogo alipanda kutoka Tukuyu na gari la asubuhi, habari zote anazo kichwani. Marekani na Ufaransa zilikuwa zimeshapeleka ndege Wuhan kuchukua watu wao. Morocco, Algeria na Misri nazo zilikuwa zinawaondoa wa kwao. "Sisi tunangoja nini?" akauliza. Mjomba akasema binti akodi gari atoke hadi mkoa wa jirani, asijue kwamba barabara za kutoka mjini nazo zilikuwa zimefungwa. Shangazi akapendekeza maombi ya kufunga. Mama hakusema kitu muda mrefu, alikuwa anakunja na kukunjua kanga mapajani. Mwisho akasema:

"Akifia huko, nitamzika wapi?"

Chumba kizima kilinyamaza. Kwetu msiba una kaburi, na kaburi lina mahali pake, kwenye migomba, karibu na waliotangulia. Mtu anayedhani mama alikuwa anakata tamaa amemwelewa vibaya. Alikuwa amelitaja jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tunalizunguka kwa maneno ya ndege na barua.

Tulikaa kwa muda wa saa tatu. Tukaandika barua. Serikali, kupitia ubalozi wetu Beijing alikokuwa Balozi Mbelwa Kairuki, msimamo wake ulikuwa kwamba wanafunzi wabaki walipo na wafuate maelekezo ya vyuo vyao. Baba mdogo alikasirika sana, na sikumlaumu. Kwa mtu aliye Tukuyu, neno "wabaki" lilisikika kama neno la kuwasahau.

Ninapokichambua kikao kile leo, naona kosa moja kubwa. Saa zote tatu tulizitumia kwenye jambo ambalo halikuwa mikononi mwetu. Ndege haikuwa yetu, barabara haikuwa yetu, amri haikuwa yetu. Hakuna aliyeuliza: jioni hii nani ataongea naye? Na hilo ndilo tulilokuwa na uwezo nalo, tena lilikuwa limeanza kututoka.

Ilikuwa hivi. WhatsApp haipatikani China mpaka mtu awe na VPN, ile programu ya kukwepa kufuli la mtandao. Zaidi ya mwaka tulikuwa tunazungumza kwa njia hiyo. Mwishoni mwa Januari VPN yake ikaanza kusuasua: ujumbe wa asubuhi unafika usiku, sauti inakatika, halafu siku mbili kimya kabisa. Siku mbili za namna ile ni ndefu. Humohumo simu ya mama ilikuwa inaingiza video za watu wanaoanguka barabarani, zimewekewa sauti ya Kiswahili, zinatumwa na watu waliodhani wanamsaidia.

Dawa ilikuwa WeChat, ambayo kule kila mtu anaitumia. Nikaipakua. Ikaniambia nitafute mtu mwenye WeChat ya muda mrefu achanganue alama ya QR kwenye simu yangu, ili anithibitishe. Mbeya nzima nimpate wapi? Nikamkumbuka kijana wa Kabwe anayeuza makava na chaja, maana mzigo wake anauagiza Guangzhou. Nikapanda daladala. Akanisikiliza vizuri, akatoa simu, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, samahani. Mwezi huu nimeshamthibitishia mtu mmoja. Wananikatalia mpaka mwezi ujao."

Nilisimama pale na simu mkononi, bajaji zinapita, na machozi yakaanza kunitoka mbele ya mtu nisiyemfahamu. Kijana akaacha duka lake kwa jirani, akanishika mkono kama mama yake, tukavuka barabara hadi kwa fundi wa redio za magari ambaye naye huagiza spea huko. Yule fundi akachanganua. Alama ikageuka kuwa ya kijani. Jioni hiyo nikamwona mdogo wangu uso kwa uso, nywele hajasuka, amevaa koti ndani ya chumba. Jambo la kwanza alilosema ni, "Dada, shikamoo. Niko salama, mwambie mama niko salama."

Hilo neno "salama" ndilo lililotudanganya wiki mbili. Kila tukimuuliza hali, jibu ni lilelile. Anayekupenda akiwa mbali hakwambii hali yake. Anakwambia kile anachoona utaweza kukibeba. Kilichovunja ukuta ule ni swali la bahati tu. Jioni moja, kwa kukosa la kusema, nikamuuliza, "Leo umekula nini?" Akasema wali na kabichi, wamemwachia mlangoni. Mimi nikashangaa: mlangoni? Si chakula mnachukulia chini? Akanyamaza. Nikaona anatazama pembeni. Kisha akaeleza.

Februari 4 alipimwa joto kama kila siku, kipimo kikasoma nyuzi 37.4. Kule mstari ulikuwa 37.3. Alikuwa na mafua, koo linawasha, kitu ambacho Uyole mwezi Julai hatukiiti hata ugonjwa. Lakini Wuhan Februari ile mtu mwenye joto alikuwa mtu wa kuogopwa. Walimhamishia ghorofa nyingine, chumba cha peke yake, siku 14. Joto lilishuka siku ya tatu. Zilizobaki 11 alizihesabu kwa kuchora mistari nyuma ya daftari la mawe.

Aliyemvusha siku zile ni mwangalizi wa bweni, mama wa makamo ambaye wanafunzi wanamwita ayi, yaani mama mdogo au shangazi. Naye alifungiwa mlemle, kwake hajafika tangu Januari, mjukuu wake anamwona kwenye simu. Kila jioni aliacha mlangoni chupa ya maji ya moto yenye tangawizi na sukari guru, akigonga mara mbili na kuondoka. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza mambo marefu. Kulikuwa na usiku mmoja, mwishoni mwa Januari, watu wa mji mzima walifungua madirisha wakapiga kelele "Wuhan jiayou!", neno ambalo kwa asili ni "ongeza mafuta", nao hulitumia kumtia mtu nguvu. Baada ya hapo ayi akawa analisema kila akigonga mlango: jiayou. Mdogo wangu anamjibu: jiayou.

Sasa nafika mahali ambapo sijitetei. Nilimficha mama. Nilijiambia presha yake itapanda, nilijiambia karantini itaisha salama ndipo nimweleze. Mama akaja kujua Machi, mdogo wangu mwenyewe alipoteleza ulimi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo siku zile nilizokuwa namwombea afya, wewe ulikuwa unajua mtoto anaumwa, ukaniacha niombe kijumlajumla?" Sijawahi kupata jibu la swali hilo. Ushauri wangu kwa watoto wakubwa wa familia ni kwamba mzazi aambiwe. Anajua kubeba, amebeba mengi kabla yetu. Alipoambiwa habari za ayi, mama alirekodi sauti kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," yaani asante sana, akataka isikilizishwe kwa yule mama. Ayi akaisikiliza mara tatu, akaomba aisikie tena.

Tangu Machi hiyo swali letu la kila siku likabadilika. Hatukuuliza tena kama yuko salama. Tuliuliza amekula nini, amekula na nani, kimebaki nini. Kwenye majibu ya chakula tulijua yote: siku ana hamu ya kula, siku amelala mpaka mchana, siku amegombana na mwenzake wa chumba kwa sababu ya sufuria.

Kisha mambo yakageuka. Machi 16 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania. Siku iliyofuata shule zikafungwa, nami nikawa nyumbani. Aprili 8, baada ya siku 76, Wuhan ikafunguliwa. Aprili 12, siku yenyewe ya Pasaka, Tanzania ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa, mpaka Mei 18. Angalieni tarehe hizo. Kati ya mlango wa kwao kufunguliwa na wa kwetu kufungwa zilipita siku nne. Kama tungekuwa tumeng'ang'ana arudi mara tu mji utakapofunguliwa, kama baba mdogo alivyotaka, uwezekano ni kwamba angekwama uwanja wa ndege wa nchi ya tatu, hana bweni, hana ayi.

Na kuna mlango mwingine ambao hatukuujua kabisa siku ya kikao. Machi 28 China ilizuia wageni kuingia, hata wenye viza na vibali halali vya kuishi. Aliyekuwa nje alibaki nje. Hapo ndipo namrudia kijana wa Mafinga. Januari ile familia yake ilimshukuru Mungu, na mama yangu alimwonea wivu mama yake, alisema wazi. Kumbe likizo ya wiki sita ingekuja kuwa miaka karibu mitatu. Vipindi vya mtandaoni vilianza saa mbili asubuhi ya Wuhan, ambayo Mafinga ni saa tisa usiku. Nilimtembelea mara moja. Alikuwa anasoma amejifunika blanketi mbili, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, jiko la mkaa limewekwa nje ya mlango kwa kuogopa hewa chafu. Mtandao ukikatika hapo ndipo somo lilipoishia. Mchana anamsaidia baba yake kwenye mbao. Anatomia ya kwenye picha, wagonjwa hajawashika, na ada ya wazazi inaendelea kwenda.

Mdogo wangu kwa kuwa alikuwa ndani, posho iliendelea kuingia, maabara ilipofunguliwa aliingia, viza haikufa. Kubaki kulimlinda kwa njia ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezitaja sebuleni. Siandiki hivi kumlaumu aliyerudi. Januari 10 hakuna aliyejua, wala hakukuwa na dalili ya kumfanya asirudi. Nasema tu kwamba sisi tulilipima jambo kwa kipimo kimoja, ugonjwa, na nyumbani tukapahesabu moja kwa moja kuwa ndiko salama.

Aprili ile mdogo wangu ndiye akawa anaogopa kwa ajili yetu. Alikuwa ameona mji ukiomboleza. Aprili 4 saa nne asubuhi ving'ora na honi vililia dakika tatu nchi nzima, naye alisimama dirishani. Sasa anapiga simu anamkuta mama yuko sokoni, nyuma yake makelele ya wanunuzi. Tanzania haikufungia watu ndani. Mwanjelwa kila kibanda kiliweka ndoo ya maji yenye koki na sabuni, barakoa za vitenge zikashonwa, mama mwenyewe alizishona na kuziuza. Tangawizi na malimao vikapanda bei, watu wakajifukiza. Lakini biashara iliendelea.

"Mama, kaa nyumbani. Nakuomba. Mimi nilikaa."

"Mwanangu, wewe uliletewa chakula mlangoni. Mimi nikikaa, tutakula nini?"

Nilikuwa nimeishika simu kati yao, na wote wawili walikuwa sawa. Huu ndio moyo wa kisa, na ndipo watu wengi hubishana bila kusikilizana. Yeye alikuwa amekaa ndani siku 76 kwa sababu kulikuwa na chuo kinachopika, posho isiyokatika, na mtu wa kugonga mlango. Mama anayepata shilingi ya leo kwa kitenge cha leo hana hata kimoja kati ya hivyo. Kumwambia akae ndani bila kumjazia pengo hilo ni kumwambia afunge bila kumwambia atafuturu nini.

Mdogo wangu alilielewa jambo hilo kabla yetu. Hakubishana. Alichukua yuan 1,000 za akiba, akampa mfanyabiashara Mtanzania aliyekuwa amekwama Guangzhou na anahitaji yuan za kulipia chumba. Mke wa yule bwana, aliye Dar es Salaam, akamtumia mama zaidi ya shilingi laki tatu kwa M-Pesa. Mama alifunga kibanda wiki tatu. Alinunua mchele wa Kyela, debe la viazi, akampelekea jirani mjane kilo kadhaa, na kila jioni simu ilipoita alianza yeye: "Leo nimekula ndizi na maharage, nimekula na mwalimu, zimebaki za asubuhi."

Alimaliza masomo na kurudi Julai 2021. Tulimpokea uwanja wa Songwe, baridi ile ya Julai inauma mifupa, mama amebeba blanketi kama anayempokea mtoto mchanga. Leo anafanya kazi ya jotoardhi, na baba mdogo anamtambulisha kwa watu kama "yule wetu wa Wuhan".

Kijana wa Mafinga aliruhusiwa kurudi China Novemba 2022, akapita karantini ya hotelini, akaenda bwenini. Vitu vyake vilikuwa kwenye maboksi ambayo mdogo wangu ndiye aliyeyafunga na kuyaandika jina kabla ya kuondoka. Desemba masharti yakalegezwa ghafla na ugonjwa ukaenea mji mzima, naye akaugua wiki hiyohiyo. Akapiga simu Uyole, sauti imekauka, kuuliza koti la baridi liko boksi lipi. Mdogo wangu akamwelekeza: la pili kutoka chini, lenye mkanda wa njano.

Mama alikuwa jikoni. Akatoka anafuta mikono, akainama karibu na simu. "Muulize," akasema, "leo amekula nini?"